Foronya, Maji na Zipu

Si kila kitu kichafukacho huweza kuoshwa. Shuka huoshwa, kanzu huoshwa, mkeka hukung'utwa ukasuguliwa. Lakini takia, ambalo mtu hulikalia na kuliegemea akiwa na jasho la mchana, na ambalo watoto huliangushia uji na mafuta ya samaki, limekuwa kwa karne nyingi kitu kisichooshwa. Sababu si uhaba wa maji. Takia hushonwa likafungwa pande zote, na tumboni mwake mna sufi, au pamba, au usumba, vitu ambavyo vikilowa hufanya madonge, na vingine huoza kabla ya kukauka. Mwenye nyumba alikuwa na njia mbili tu: kuuvumilia uchafu au kuupasua mshono. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi njia ya tatu ilivyopatikana, yaani kutia zipu katika foronya ya takia ili ivuliwe, ifuliwe na kuvishwa tena. Njia hiyo ni changa kuliko wengi wanavyodhani, wala haikuja kwa wepesi, kwa maana zipu yenyewe hapo mwanzo iliogopa maji.

Nilianza kulifikiri jambo hili kwa sababu ya mama yangu. Tulikaa Tanga, na sebuleni kwetu palikuwa na viti vinne vya mbao na mito minane ya sufi. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mwezi wa Ramadhani na kabla ya Idi ya kuchinja, mama alikaa barazani na wembe, akafumua ubavu mmoja wa kila mto, akamwaga sufi juu ya mkeka na kuianika, huku sisi watoto tukifukuza kuku na kuomba upepo usivume. Kisha alizifua foronya, akazipiga pasi, akarudisha sufi kiganja baada ya kiganja, akashona tena kwa mkono, kwa kuwa cherehani haiwezi kuufikia vizuri mshono wa mwisho wa mto uliokwisha kujaa. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Ndugu yangu mdogo alikuwa na pumu. Siku za kufumua alipelekwa kwa shangazi, naye akirudi alilala usiku mzima bila ya kukaa kitako kitandani akitafuta pumzi. Hapakuwa na mtu aliyemweleza mama habari za vumbi na kifua, lakini alikuwa na macho. Majirani walidhani anafua kwa ajili ya sikukuu.

Wazo la kuivua nguo ya kiti si geni. Katika nyumba za matajiri wa Uingereza na Ufaransa katika karne ya 18, viti vilivyovishwa hariri au mahameli vilishonewa nguo nyingine ya juu, pana na nyepesi, ya kitani au ya pamba yenye miraba. Nguo hiyo ilikikinga kiti na jua, vumbi na masizi ya moto wa ndani, na ilivuliwa siku alipofika mgeni wa heshima. Hivyo wenyeji waliishi na nguo ya kufulika, na hariri ikawangojea wengine. Nguo za pamba kutoka Bara Hindi zilipendwa sana kwa kazi za namna hiyo, kwa kuwa rangi zake hazikuchujuka katika maji, jambo ambalo mafundi wa Ulaya walikuwa hawajalijua vema. Mapenzi hayo yaliwatisha wafumaji wa huko, hata Ufaransa ikazipiga marufuku nguo hizo tangu mwaka 1686 hadi 1759, na Uingereza ikatoa sheria zake mwaka 1700 na 1721. Tukisoma habari za marufuku hizo, aghalabu tunaambiwa juu ya uzuri wa maua yaliyochapwa nguoni. Mimi nadhani kufulika kwake kulikuwa na uzito usiopungua ule wa maua.

Nguo hizo za juu zilifungwa kwa tepe au kwa vifungo. Kwa kiti kizima tepe zilitosha, maana mafundo yalijificha nyuma au chini. Kwa takia hazikufaa sana. Takia halina nyuma. Hugeuzwa huku na huku, na fundo lililokuwa chini asubuhi huuchoma mgongo wa mtu jioni. Vifungo navyo vina ila yake: kati ya kifungo na kifungo nguo hupanuka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema, na kadiri takia linavyokaliwa ndivyo linavyochungulia nje. Kwa hiyo watu wengi waliendelea kushona pande zote nne na kuwaachia wajukuu shida ya uchafu.

Palikuwa na hila nyingine, nayo ni kulifunika lisilooshwa kwa kitu kinachooshwa. Mafuta ya nywele yaliyoitwa Macassar yalikuwa yakiuzwa London tangu mwisho wa karne ya 18, na katika karne ya 19 wanawake wa Kiingereza walifuma vitambaa vya kuwekwa juu ya migongo ya viti ili vichwa vya wanaume visivitie mafuta; vitambaa hivyo hata viliitwa kwa jina la adui yao, yaani vizuia-Macassar. Msomaji aliyekulia Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hana haja ya kuelezwa zaidi. Vitambaa vya makochi vinavyofumwa kwa sindano ya kulabu, vyeupe au vya rangi ya maziwa, vipo katika sebule zetu hata leo, navyo hufuliwa na kunyooshwa kila wiki ilhali kochi lililo chini yake halijaonja maji tangu lilipotoka kwa fundi. Silaumu. Ni jibu la akili kwa swali ambalo halikuwa na jibu lingine.

Haja ya kuosha iliongezeka pale sayansi ilipoyapa mavumbi jina baya. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Katika miaka iliyofuata, walimu wa afya huko Ulaya na Marekani walihubiri kwamba vumbi la nyumbani huchukua maradhi, na wakavishutumu viti vinene, mapazia mazito na matakia kuwa ni maficho yake. Nancy Tomes ameisimulia vizuri khofu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1998 kiitwacho The Gospel of Germs. Wenye mali walibadili samani zao. Wasio na mali walibaki na matakia yale yale, na juu yake wakaongezewa aibu. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba amri ya kuosha ilitangulia chombo cha kuwezesha kuosha kwa zaidi ya nusu karne. Na katika muda wote huo aliyeulizwa mbona nyumba ina vumbi alikuwa mwanamke mwenye wembe na sindano.

Sasa tuitazame zipu. Elias Howe, ambaye mwaka 1846 alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa cherehani yake, alipata hati nyingine mwaka 1851 kwa kifungio cha nguo kinachofanana kidogo na zipu, lakini hakukipeleka sokoni. Baada yake alikuja Whitcomb Judson wa Chicago, aliyepata hati zake mwaka 1893. Shabaha yake ilikuwa buti, ambazo siku hizo zilifungwa kwa kamba ndefu au safu ya vifungo. Chombo chake kilikuwa msururu wa kulabu na vitanzi, na kichwa cha kuteleza kilichozifunga kulabu mojamoja. Wakili mmoja, Lewis Walker, alikiamini chombo hicho hata akaunda kampuni na kuilisha fedha kwa miaka mingi bila ya faida. Kulabu zilifunguka mtu akiinama, na zikikwama hazikufunguka kabisa.

Aliyeiokoa kampuni ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, aliyeingia kazini Hoboken, New Jersey, mwaka 1906. Mwaka 1911 mkewe Elvira alifariki, na wasimulizi hupenda kusema kwamba uvumbuzi wake ulitokana na majonzi, kwamba alifanya kazi usiku ili asifikiri. Mimi huyapokea masimulizi ya namna hiyo kwa tahadhari. Watu wengi hufiwa, na wachache huvumbua. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1913 alikuwa amekwisha kuachana na kulabu. Katika hati aliyopewa mwaka 1917, kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, na kinundu cha jino hili huingia katika kishimo cha jino la juu yake. Meno yaliongezeka kutoka 4 hivi hadi 10 au 11 katika inchi moja. Jino likisha kuingia mahali pake halitoki kwa kuvutwa ubavuni, hata kwa nguvu nyingi; hutoka kwa kuinamishwa kidogo tu, na kichwa cha zipu, chenye njia mbili zinazokutana na kuwa moja, ndicho kijuacho kuliinamisha. Zaidi ya hayo, Sundback alibuni mashine ya kuyakata meno na kuyabana juu ya utepe wa nguo. Utepe huo husahauliwa katika masimulizi mengi, lakini kwa mshonaji ndio jambo kubwa: ndio ulioigeuza kazi ya mfua chuma kuwa kitu ambacho sindano inaweza kukipita.

Hata hivyo zipu haikuingia nyumbani mara moja. Robert Friedel, katika kitabu chake Zipper cha mwaka 1994, aonyesha jinsi ilivyozunguka kutafuta kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilipata nafasi katika mikanda ya fedha ya mabaharia na katika mavazi ya warushaji wa ndege. Baada ya vita, katika mifuko ya tumbaku. Na mwaka 1923 kampuni ya B. F. Goodrich iliitia katika viatu vya mpira vya kuvaliwa juu ya viatu vingine, ikaviita Zipper. Jina lile la kiatu likahamia kwenye kifungio chenyewe, na kutoka huko likafika kwetu kuwa zipu. Msomaji ayatazame mambo hayo kwa jicho la dobi. Mkanda wa fedha haufuliwi. Mfuko wa tumbaku haufuliwi. Kiatu cha mpira hukutana na theluji, lakini hakichemshwi kwa sabuni. Zipu ilifaulu kwanza mahali ambapo hapana kufua, na sababu yake ni nyepesi: zipu za mwanzo zilishika kutu. Waliozitia katika nguo walilazimika kuzifumua kabla ya kufua na kuzishonea tena baadaye. Chombo ambacho leo hutiwa katika foronya ili foronya ifuliwe, hapo zamani kilitolewa katika nguo ili nguo ifuliwe. Mwenye kufumua na kushona tena, bila ya shaka, alikuwa yule yule.

Madini yasiyoshika kutu yaliipunguza tabu hiyo, na katika miaka ya 1930 zipu ilienea katika nguo za watoto, suruali za wanaume na magauni. Vita Kuu ya Pili vilipokuja, shaba na chuma vilitakiwa vitani na zipu zikaadimika. Baada ya vita palitokea mambo mawili ambayo kwa habari yetu ni makubwa kuliko yote yaliyotangulia. La kwanza ni zipu ya nailoni na baadaye poliesta, ambayo meno yake ni uzi mmoja uliosokotwa kama kamba ya chemchemi ya saa. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilianza kushindana na ile ya madini. Haina kutu, hupinda kwenye kona, na kichwa chake kidogo hakimchomi aliyeegemea. Huko Japani, Tadao Yoshida alikuwa ameanzisha kazi yake ya zipu Tokyo mwaka 1934. Kiwanda chake kiliungua katika mashambulizi ya ndege mwaka 1945, akaanza upya, na herufi YKK zilizo juu ya vichwa vya zipu katika maduka ya Kariakoo ni za kampuni aliyoiacha.

La pili ni sponji. Kampuni ya Dunlop ilipata sponji ya mpira mwaka 1929, na katika miaka ya 1950 ikafuata ile ya poliuretani, iliyo rahisi zaidi. Sufi na pamba ni kama maji: hupitia tundu dogo na kuijaza foronya kwa umbo la foronya. Sponji ina umbo lake. Kipande cha sentimita 60 kwa 60, chenye unene wa sentimita 10, hakiingii katika tundu la ngumi mbili, kinataka mlango. Basi watengenezaji wa makochi wakatia zipu ndefu katika ukanda wa nyuma wa foronya, ikazunguka kona kidogo pande zote mbili, na mfanyakazi akaweza kuivisha sponji kwa dakika moja.

Hapa pana kosa ambalo mimi mwenyewe nililitenda. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua makochi yenye zipu safi, nikafurahi kwa ajili ya mama na mito yake, nikazivua foronya sita na kuzifua. Ziliporudi kutoka juani zilikuwa zimepungua. Kila sponji ilikaa ndani ya foronya yake kama mtu mnene ndani ya kanzu ya mwanawe, na zipu mbili zikapasuka. Fundi wa mtaani kwetu aliniangalia kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "hiyo si zipu ya kufulia. Ni ya kuingizia sponji." Alisema kweli. Watengenezaji wengi huko ng'ambo pia huonya kwamba foronya zao zisivuliwe kufuliwa, japokuwa zina zipu. Nguo haikufuliwa kabla ya kukatwa, au mgongo wake umepakwa gundi, au rangi yake itatofautiana na ile ya kochi lililobaki. Zipu ilitiwa kwa ajili ya kiwanda. Mwenye nyumba akaiona, akadhani imetiwa kwa ajili yake.

Kuifanya iwe ya mwenye nyumba ni kazi ya mshonaji, na mapishi yake ni ya nyumbani hasa. Nguo ya pamba hufuliwa kwanza, kwa maji ya moto ule ule utakaotumika baadaye, kwa maana pamba isiyotayarishwa huweza kupungua sehemu 5 katika 100, na katika sentimita 60 hizo ni sentimita 3 nzima. Mahali pa zipu hupigwa bandi, mshono ukafunguliwa kwa pasi, zipu ikalazwa kifudifudi juu yake na kushonwa, kisha bandi ikafumuliwa. Halafu linakuja jambo ambalo kila anayejifunza hulisahau mara moja katika maisha yake: kabla ya kushona pande zilizobaki, zipu iachwe wazi kiasi cha mkono kupita. Asiyefanya hivyo hujikuta ameshona mfuko uliogeuka ndani nje na mlango wake umefungwa kutoka upande asioufikia. Wakati wa kufua, foronya hugeuzwa na zipu hufungwa, meno yasije yakapindwa.

Na foronya ya sufi inataka kitu kimoja zaidi, nacho ni mfuko wa ndani. Bila ya huo, kufungua zipu ni sawa na kufungua dirisha la banda la kuku. Sufi yenyewe haipendi maji, na kwa tabia hiyo ilijazwa katika majaketi ya kuokolea mabaharia; lakini juani hupeperuka, na ndani ya chumba huingia puani. Pasipo kutenga kilichomo na kinachovaliwa, zipu haina la kufanya.

Mwaka 1964 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, miongoni mwao Voorhorst na Spieksma, walionyesha kwamba kinachowadhuru wenye pumu katika vumbi la nyumbani ni hasa wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi zetu na kukaa katika magodoro, mito na matakia. Maji ya moto wa nyuzi 60 huwaua. Niliposoma habari hiyo nikiwa mtu mzima nilimkumbuka shangazi, na zile siku tatu za kufumua.

Mama alipata zipu yake nilipokuwa darasa la sita. Zipu ndefu hatukuziona madukani, na kama zilikuwapo bei yake haikuwa yetu. Alichukua suruali mbili za baba zilizokwisha magotini, akazifumua zipu zake, kila moja fupi kama shibiri, akazishona katika foronya moja zikitazamana, hata vichwa viwili vikakutana katikati vikifungwa na kuachana vikifunguliwa. Sufi aliitia katika mfuko wa marekani, nguo ambayo babu zetu waliijua kwa merikebu za Salem katika karne ya 19, akaushona mfuko huo pande zote nne kwa mara ya mwisho. Foronya ile ilifuliwa kila Jumamosi. Ndugu yangu alipewa mto huo kuwa wake, na mwingine yeyote aliyeukalia alifukuzwa. Mito saba iliyobaki ilingoja miaka miwili zaidi, kwa sababu baba hakuwa na suruali nyingi.